Kichwa cha Golikipa

Vijana wangu, saruji ikianza kutoa jasho, usiiguse. Iache ivute pumzi, wewe kunywa chai yako, halafu rudi. Mnacheka, najua. Siku hizi mnanunua unga uliochanganywa tayari, mnabandika maua kwenye dari za matajiri wa mtaa wa Kinanira kabla ya adhuhuri, na jioni mmeshapanda pikipiki kwenda zenu. Sisemi ni vibaya. Ungekuwepo wakati wangu na mimi ningeununua. Lakini mmeniomba niwaeleze kazi ya zamani, basi mnivumilie, maana mimi nikianza kusema sijui breki iko wapi.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza watu wa ukutani, wengi wao wachezaji. Ndivyo tulivyowaita. Si sanamu ya kusimama uwanjani ambayo unaizunguka ukaiona mpaka mgongoni. Mtu wa ukutani mgongo wake umezama ndani ya ukuta, na kifua, magoti na mpira wake vinakuja kwako. Jua la asubuhi likimpiga kwa upande, utaapa anakimbia. Jua likifika utosini, anapotea kabisa, unabaki na ukuta wenye madoa. Kwa hiyo kabla hujagusa mwiko, unakaa chini mbele ya ukuta mtupu unaangalia kivuli kinavyotembea. Watu wakipita wanadhani wewe ni mvivu. Waache wadhani.

Unaanza na vyuma vya ferabeto, yaani nondo, unavigongomea ukutani kwa umbo la mifupa. Juu yake wavu wa waya. Halafu saruji ya kwanza unaitupa kwa nguvu, haina sura. Ya pili unaikandamiza kwa kiganja. Ya tatu ni laini, na hiyo ndiyo ngozi. Patasi nilikuwa nazo, tena nzuri, lakini magoti yote ya wachezaji niliyomaliza katika maisha yangu niliyamaliza kwa kijiko cha chai nilichokiiba jikoni kwa mke wangu. Mpaka leo hajui kilikwenda wapi.

Aliyetufundisha alikuwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisa na mtu wa maneno. Alitufundisha wawili, mimi na Melki, tukiwa vijana kama nyinyi. Melki alikuwa Mrundi, Mkatoliki, nyumba yake Mutakura. Kazi yetu ya kwanza ya kuachiwa peke yetu ilikuwa mkimbiaji kwenye ukuta wa shule. Mimi nilikuwa natengeneza miguu. Nilikosa mfano, nikavua kiatu, nikatazama mguu wangu mwenyewe, nikaufuata vizuri sana, kila kidole mahali pake. Kesho yake nikavua kiatu kilekile. Tulipoondoa jukwaa la kupandia, watoto wa shule wakaanza kucheka, na sisi hatukujua wanacheka nini mpaka Papa Kasongo alipofika. Mkimbiaji alikuwa na miguu miwili ya kushoto. Tulimwomba atuachie tuvunje. Akakataa, akasema tutakuwa tunapita hapo kila siku na hiyo ndiyo ada yetu ya shule. Bado yuko pale, na bado anakimbia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi ni Mwislamu wa Buyenzi, baba na babu wamezikwa hapa hapa mjini. Walimu wetu wa madrasa walitufundisha kwamba aliyetengeneza sura ya chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie roho, na hataweza. Wengine wakasema sura hasa ni kichwa, ukiondoa kichwa kinachobaki ni kama mti. Hiyo ya pili niliishika kwa mikono miwili, maana nilihitaji kula. Nikamwambia Papa Kasongo kwamba nitafanya kazi yote, lakini kichwa sitengenezi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akatugawia kazi: mimi Ramazani miili, Melki vichwa. Ikawa hivyo hata baada ya yeye kufa. Hakuna mchezaji hata mmoja mjini humu ambaye ni wangu peke yangu, wala wa Melki peke yake.

Tulifanya kazi bega kwa bega, nyuso zetu ukutani, mimi kushoto na yeye kulia. Adhuhuri ikifika, mimi nilitandika gunia pale pale juu ya mbao za jukwaa nikasali, na yeye alikoroga saruji kwenye ndoo isigande. Sisi saruji tunaiita sima. Alikuwa ananiambia, "We sali tu, mi naangaria sima isilale." Nikimaliza, ndoo iko tayari. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa.

Vita ilipoanza tulikuwa na kazi Kigobe, jumba la michezo la serikali. Uso mzima wa jumba ulikuwa wetu. Upande wa kulia washambuliaji wanakuja, katikati msichana wa baskete ameruka, na kushoto kabisa, peke yake, golikipa amenyoosha mikono. Mji ulikuwa umeanza kugawanyika, mtaa huu wa Wahutu, mtaa ule wa Watutsi, na mtu akikutazama anaanzia puani, ajue wewe ni wa upande gani. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulipita katikati kwa kusalimia kila mtu. Basi Melki alipomaliza washambuliaji, mkuu wa jumba, mtu mpole mwenye suti moja ya kahawia, alikuja na wasiwasi akauliza hizi pua ni za watu gani. Nilitazama, nikaona kumbe Melki amewapa wote pua moja. Msichana wa baskete naye anayo.

Melki hakugeuka hata. Akajibu, "Chef, hii ni pua ya mutu mwenye kukimbia. Mutu akikimbia pua inafunguka, zote zinafanana."

Mkuu alifikiri kidogo, akaondoka ameridhika. Sisi tulicheka siku nzima. Tulikuwa tunaiita pua ya Buyenzi.

Wiki chache baada ya hapo Mutakura ilivunjika. Sitawaeleza yale, wenye kueleza wapo. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja Melki hakuja kazini. Nilimngoja mpaka saruji niliyochanganya ya watu wawili ikalala ndooni. Golikipa alikuwa amemalizwa mabega, na shingoni vilitokeza vyuma vitatu vya ferabeto vikingoja kichwa. Mimi nilikuwa nimemaliza sehemu yangu. Iliyobaki ilikuwa yake.

Nilimtafuta. Nilikwenda mpaka mahali ambapo barabara ya Mutakura ilikuwa imefungwa, nikarudishwa. Niliuliza kwenye kambi za waliokimbia, niliuliza madereva wa malori ya Uvira. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumtafuta, na wakinisikiliza walikuwa wanangoja nimalize ili wao waniulize mimi. Mke wangu na watoto nilikuwa nimeshawapeleka Kigoma kwa shangazi yake. Nikabaki na chumba Buyenzi na jukwaa Kigobe.

Mkitaka kujua upweke wa fundi, ni huu. Unataka kujua kama mkono wa mchezaji umenyooka, na hakuna wa kurudi nyuma akutazamie. Inabidi ushuke ngazi, uende mpaka barabarani, utazame, upande tena, na ukifika juu umeshasahau ulichoona. Unasali, na ukitoa salamu ya mwisho unakuta ndoo imeganda. Nilijifunza kuchanganya kidogo kidogo, kikombe kimoja kimoja. Siku za ville morte, mji ulipofungwa na hakuna aliyethubutu kupita, nilikaa chumbani na nilikuwa naona aibu kwamba ninaowakumbuka ni wale watu wa ukutani. Nilikuwa nazungumza nao. Golikipa ndiye niliyemsemesha zaidi, kwa sababu hakuwa na kichwa cha kunishangaa.

Mnajua kwamba saruji mpya lazima inyweshwe maji. Unaifunika magunia, unayalowesha asubuhi na jioni kwa muda wa wiki au zaidi kidogo, halafu basi, imeshakuwa jiwe. Mimi shingo ya golikipa niliifunika gunia na nikaendelea kuilowesha. Nilijiambia kwamba Melki akirudi asikute imekauka sana, saruji mpya ishike vizuri na ya zamani. Ni uongo, na nilijua ni uongo. Saruji iliyoshakuwa jiwe unaikwaruza tu, unailowesha siku hiyohiyo, unaendelea. Haihitaji maji ya kungojea. Lakini kila asubuhi nilipanda na ndoo. Wiki zikaenda, miezi ikaenda. Ningeacha kumwagilia, ningekuwa nimesema kwa mikono yangu kwamba harudi, na sikutaka kuwa wa kwanza kusema hivyo.

Sasa sikilizeni kosa, maana hili hamtalisoma popote. Chuma kikiloweshwa kila siku kinafanya nini? Nilikuwa nashughulika na gunia, sikutazama chini yake. Vile vyuma vitatu vya shingoni vilishika kutu, na maji ya kutu yakashuka polepole kifuani kwa golikipa, mekundu yanayokwenda kwenye kahawia, mpaka tumboni. Mvua kubwa ikapiga, gunia likaanguka. Asubuhi watu waliokuwa wanapita Kigobe wakamkuta yuko juu pale, mikono imenyooshwa, hana kichwa, na kifua kimelowa.

Mji ule, wakati ule. Fikirini wenyewe.

Mkuu wa jumba alinikuta chini ya ngazi. Hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa. Akaniambia watu wa upande huu wanasema wametishwa wao, na wa upande ule wanasema wametishwa wao. Nikamwambia si damu, ni kutu.

"Najua ni kutu," akasema. "Na we ndo utasimama hapa kueleza kila mutu? Papa Ramazani, tia kichwa, ao tutavunja ukuta yote. Mi niko na famille."

Nikamwambia kichwa si changu, kina mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kama angenitukana. Akasema kuna fundi mwingine mjini anayeweza kuja. Nikamwomba anipe muda kidogo. Alikubali, lakini nilijua kwamba nikikaa tu, atakuja mgeni kumwekea golikipa wa Melki kichwa chochote, au itakuja nyundo. Nilisugua kutu kwa ndimu na mchanga. Ilififia, haikutoka.

Ni katika siku hizo Mama Aline alikuja. Ni mke wa Melki. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu tu, kwenye harusi na kwenye msiba wa Papa Kasongo, na sikumtambua mara moja kwa jinsi alivyokonda. Alikuwa Uvira kambini na watoto, na vita ilipoanza kule nako wakarudishwa huku. Tulikaa juu ya mbao pale chini. Nikampa chai ya kwenye chupa yangu. Sikumuuliza, nikamwachia aseme mwenyewe.

Alinieleza kwamba walitoka Mutakura pamoja, gizani, na walipofika karibu na mto Rusizi Melki akarudi kumchukua mama yake ambaye hakuweza kutembea. Akawaambia wavuke, atawakuta ng'ambo. Hakuwakuta. Baadaye majirani wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia jambo lilelile, na mahali alipoanguka ni palepale. Hakulia. Alisema kama mtu aliyeshasema mara nyingi. Mimi ndiye niliyelia, na nawaambia wazi, sikujificha.

Halafu akainua macho akamtazama golikipa. Melki alikuwa amemsimulia ukuta ule. Akauliza kile kichwa kilikuwa kazi ya nani, nikamjibu.

"Papa Ramazani, mi sina kaburi yake," akasema. "Sina nguo, sina photo, nyumba iliungua. Tia kichwa yake pale. Mi nikikuya huku nipate kwenye kutazama."

Nilimwambia mimi sitengenezi vichwa, nikamweleza sababu. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema tu, "Na yeye alikuwa anakutengenezea."

Sikwenda kumuuliza shehe, kwa sababu jibu nililijua, na ningelisikia nisingeweza kujifanya sikulisikia. Usiku ule nilisali, nikalala vibaya. Asubuhi nilipopanda jukwaani nilisimama na mwiko mkononi nikijiuliza kama niseme bismillahi kama siku zote. Nikaisema. Siku nitakayoulizwa nitajibu mwenyewe, na nyinyi msinichukue kuwa fatwa.

Nilikwangua kutu, nikapaka saruji nyembamba kwenye vyuma, nikazungusha wavu. Mpaka hapo mikono ilijua. Halafu nikafika kwenye uso, na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonitia hofu kuliko vita. Sura ya Melki sikuwa nayo. Mikono yake nilikuwa nayo yote, kila kovu. Kikohozi chake, namna alivyokung'uta mwiko, wimbo wake wa kanisani aliouimba bila maneno, vyote vipo. Lakini uso, nikijaribu kuuweka mbele yangu, ulikuwa unageukia ukutani. Miaka ile yote tulikuwa tumetazama mahali pamoja, na pale mahali yeye hakuwepo.

Nilimuuliza Mama Aline alikuwaje. Akafikiri, akasema, "Alikuwa muzuri tu." Nikamuuliza macho. Akasema macho ya kawaida, mazuri. Kwa maneno hayo hutengenezi hata pua. Lakini nani kati yenu anaweza kumweleza mtu anayempenda kwa maneno ambayo fundi atayatumia? Jaribuni leo jioni mkifika nyumbani.

Nilitengeneza nikavunja. Nikatengeneza tena, akatoka mtu mwingine, mgeni anayenitazama, nikavunja kabla hajaganda. Mwishowe nikaacha kumtafuta kwa mbele. Nilisimama mahali pangu pa kila siku, upande wa kushoto, kama vile Melki yuko kulia kwangu, na nikamgeuza golikipa atazame mpira unaokuja kutoka kulia. Nikaacha mkono uende wenyewe. Nilikuwa namalizia kwa kijiko, nikijisemea kwamba hata huyu si yeye, basi tena, na niko tayari kumwambia mkuu amwite yule fundi mwingine.

Mama Aline aliomba kupanda. Nilimshikia ngazi, akapanda akiwa amefunga kitenge vizuri kiunoni, haogopi. Alimtazama golikipa kwa karibu, muda mrefu, na mimi nilikuwa pembeni nimeshika ndoo kama mwanafunzi.

"Pua si yake," akasema. "Mudomo si yake."

Nikamwambia saruji bado ni mbichi, anionyeshe nirekebishe. Alipita nyuma yangu kwenye ubao mwembamba, akaja upande wa kushoto, pale nilipozoea kusimama mimi. Kidole chake kilikwenda mpaka karibu na kichwa kikasimama, hakikugusa.

"Sikio ni yake," akasema. Halafu akasema tena, polepole. "Apana. Wacha. Usiguse kitu tena. Sikio ni yake."

Akasogea, akaweka mdomo karibu na sikio lile bichi, akaanza kusema kwa Kirundi. Kirundi nakijua vizuri. Nikaiweka ndoo chini, nikashika ngazi, nikashuka.